Mafua yakikukuta juu ya mkeka wa yoga: Penga, usivute

MKAO wenyewe unafanana na mbwa anayejinyoosha. Viganja na nyayo viko chini, makalio yako juu, kichwa kinaning'inia katikati ya mikono. Ukumbi uko kimya na mwalimu amekwisha kusema kila mtu avute pumzi kwa pua. Hapo ndipo tone la kwanza la kamasi linapojikusanya kwenye ncha ya pua, na mwenye pua hana mkono wa kulifutia, kwa kuwa yote miwili imebeba mwili.

Kwa mfanyabiashara aliyeshuka asubuhi kutoka kwenye basi la usiku la Dar es Salaam kwenda Nairobi, hali hii haihitaji kuelezwa sana. Amekaa zaidi ya saa kumi, ama chini ya kiyoyozi kinachokausha pua, ama kando ya dirisha lililopitisha vumbi kutoka Namanga hadi Kitengela. Kiuno kimekakamaa. Mzigo haujatoka kwa wakala wa forodha. Saa moja ya kunyoosha mgongo ni dawa nzuri kuliko kukaa gesti ukiangalia simu, na bahati nzuri yoga si tena mchezo wa matajiri peke yao.

Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project lilianza mwaka 2007 na kuwafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga, nao wakayapeleka madarasa mitaani kwao. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu mwaka 2015 balozi za India katika miji mikuu ya ukanda huu huiadhimisha kwa mazoezi ya hadhara. Anayekwenda mara ya kwanza huambiwa avae nguo nyepesi, asile sana kabla, na avue viatu mlangoni. Habari ya kamasi haisemwi na mtu, wakati ndiyo inayowafukuza wengi wasirudi wiki ya pili. Mtu mzima, pengine mama mwenye wajukuu na duka la vitenge, hapendi kuonekana na vijana akichuruzika kama mtoto wa chekechea.

Aibu hiyo haina sababu kubwa. Pua ya mtu mzima na mashimo ya mifupa ya uso hutengeneza karibu lita moja ya ute kwa siku, hata kwa mtu asiyeumwa. Kwa kawaida ute huo hutelekea nyuma kwenye koo na kumezwa bila mwenyewe kujua. Ukiinamisha kichwa, njia inageuka: kilichokuwa kikishuka kooni sasa kinashuka kwenye tundu za pua. Ongeza joto la mazoezi, ambalo kwa baadhi ya watu huifanya pua itoe maji yenyewe, na vumbi la mikeka na mazulia kwa wale wenye aleji. Hata machozi hupitia puani, ndiyo maana anayelia hupenga. Kwa hiyo anayechuruzika kwenye mkao ule si lazima awe mgonjwa.

La kufanya ni rahisi, ila lifanywe mapema. Dakika tano kabla ya darasa, nenda msalani upenge. Ziba tundu moja kwa kidole, penga lingine taratibu, kisha badilisha. Kupenga matundu yote kwa pamoja na kwa nguvu, kama wengi walivyofundishwa nyumbani, husukuma sehemu ya ute urudi juu kwenye mashimo ya mifupa ya uso, na mtu hubaki na kichwa kizito kuliko mwanzo. Kisha chagua nafasi ya nyuma karibu na mlango. Walimu wengi hawana neno na mtu anayetoka kimya na kurudi kimya.

Mambo yakiharibika katikati, shusha magoti chini, kaa juu ya visigino, toa kitambaa, penga, kikunje, endelea. Inachukua muda mfupi kuliko kuvuta kamasi ndani mara ishirini, sauti ambayo ukumbi mzima huisikia na ambayo haimalizi chochote, maana ute uliovutwa juu hushuka tena kwenye mkao unaofuata. Kujifuta kwa mkono na kuurudisha kwenye mkeka ndiyo njia mbaya kuliko zote, hasa mkeka ukiwa wa kuazima. Virusi vya mafua hupita kwa mikono kirahisi sana.

Kitambaa chenyewe kina mkasa wake mpakani. Mtanzania akisema leso anamaanisha kile kitambaa kidogo cha kufutia pua na jasho. Mkenya wa Mombasa akisikia leso anafikiria kanga, ile doti ya kujifunga kiunoni. Wote wana haki: neno limetoka kwa Wareno, ambao kwao lenço ni kitambaa cha mkono, na inasimuliwa kwamba kanga za mwanzo zilikuwa vitambaa vya namna hiyo vilivyoshonwa pamoja. Anayeagiza leso dazeni tano kwa simu kutoka ng'ambo ya mpaka afafanue anataka ipi. Kwa yoga inatosha ile ndogo, ya pamba, ikiwekwa chini ya ukingo wa mkeka upande wa mkono wenye nguvu. Tishu huloa jasho na kuchanika.

Yapo mazoezi ambayo mwenye mafua ayaruke kabisa. Moja ni kapalabhati, la kutoa pumzi kwa mikupuo mikali kupitia puani. Yanayoweza kumpata jirani wa mbele hayahitaji kuandikwa. Jingine ni la kupumua tundu moja moja kwa zamu. Hata asiyeumwa hukuta tundu moja limebana kuliko lingine, kwa sababu pua ina desturi ya kupokezana zamu kila baada ya saa kadhaa, jambo ambalo daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza tangu mwaka 1895. Mwenye mafua akilazimisha, atapata kizunguzungu tu. Apumue kwa mdomo.

Watu wa yoga wana dawa yao ya zamani ya pua, jala neti: kumimina maji vuguvugu ya chumvi kwenye tundu moja yatokee lingine, kwa kutumia birika dogo lenye mdomo mrefu. Kwa Waislamu wa ukanda huu kupandisha maji puani ni sehemu ya udhu, hivyo wazo si geni. Na linasaidia kweli. Madaktari wengi hulipendekeza kwa wenye pua za kuziba mara kwa mara. Robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe cha mililita 250 kinatosha. Maji matupu huwasha vibaya.

Lakini hapa pana hatari ambayo msafiri asiichezee. Mwaka 2011, watu wawili walifariki katika jimbo la Louisiana nchini Marekani baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Amiba huyo akinywewa hadhuru, akiingia puani hupanda hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni tukio la nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria tu. Maji yachemke kwa dakika moja kamili kisha yapoe. Katika miji iliyo juu ya mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kama Eldoret na Limuru, yachemke dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Anayelala leo Busia na kesho Eldoret achukue dakika tatu kila mahali, asihangaike kukumbuka. Maji ya kunywa ya chupa nayo yachemshwe, kwani usafi wa kunywa na usafi wa kuingiza puani ni vitu viwili. Birika nalo lioshwe na kukaushwa.

Upande wa maduka ya dawa, mazoea ya mpakani ni ya kutia shaka. Amoksilini hununuliwa kwa mafua kama peremende, ilhali mafua huletwa na virusi na dawa hiyo haiui virusi. Vidonge vya aina ya Piriton hukausha pua lakini huleta usingizi. Dereva asivimeze kisha akashika usukani kuelekea Malaba, na mwanayoga asivimeze kisha akajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Dawa za matone za kufungua pua zisizidi siku tano hadi saba, maana baada ya hapo pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Mafuta ya mentholi nayo hayafungui kitu: huamsha hisia ya ubaridi puani, mtu akadhani hewa imeongezeka. Yakipakwa kabla ya mazoezi, jasho litayashusha machoni.

Swali linalobaki ni kama mtu aende darasani kabisa. Wakufunzi wa michezo hutumia kipimo cha shingo: dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua na chafya, mazoezi mepesi hayana shida kwa mwenyewe, zikishuka chini, yaani kifua, homa au viungo kuuma, apumzike. Kipimo hicho kinamlinda yeye, hakiwalindi wenzake. Siku mbili tatu za mwanzo za mafua ndizo anazoambukiza zaidi, na ukumbi wa yoga ni watu thelathini wanaovuta hewa moja kwa nguvu zao zote.

Wafanyabiashara wanajua vizuri kuliko wengi thamani ya kutoambukizwa. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri na kuacha mizigo peke yake, kwa madereva waliopimwa, kikohozi kimoja kwenye foleni ya Namanga kiliweza kugeuza macho ya watu wote. Mwenye mafua mapya anaweza kutandika kanga sakafuni gesti na kunyoosha mgongo peke yake, huku leso, ile ndogo, iko mkononi.