Spea za mtandaoni (2): Namba kwanza, picha baadaye

Katika sehemu ya kwanza tulitenganisha makundi ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Kuna spea yenye nembo ya kiwanda cha gari. Kuna spea ya kampuni ile ile inayokiuzia kiwanda, kama Denso kwa plagi, Aisin kwa pampu za maji au KYB kwa shokapu, ila imewekwa kwenye boksi lake yenyewe. Kuna spea mbadala ya kampuni nyingine kabisa. Halafu kuna feki, iliyobandikwa jina lisilo lake ili mnunuzi adanganyike. Nilisema, na narudia, kwamba mbadala si tusi: zipo spea mbadala nzuri, na bila hizo magari mengi ya kwetu yangekuwa juu ya mawe. Leo tutazame kinachotokea spea hizi zinapouzwa kwa picha.

Mtu anayekwenda Gerezani au Mtaa wa Shaurimoyo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au soko la Kisekka kule Kampala, kwa kawaida huenda na kitu mkononi. Fundi amekifungua kilichokufa, amekiviringisha kwenye gazeti, amemwambia, "Kawaonyeshe hiki." Muuzaji anakipokea, anakigeuza, anahesabu matundu, anapima kipenyo kwa jicho lililozoea, kisha anashusha maboksi matatu kutoka rafu ya juu na kuyalinganisha moja baada ya jingine. Kama si chenyewe anasema si chenyewe, na anamtuma kijana duka la jirani. Hakuna aliyeuita ukaguzi huo kwa jina hilo, lakini umetulinda miaka mingi. Mtandao umeiondoa sampuli mkononi. Vimebaki vitu viwili, picha na jina la gari, na hasara nyingi huanzia hapo kabla hata hatujafika kwenye ufeki.

Jina la gari halitoshi. Chukua Toyota IST, ambayo imejaa kila mtaa Tanzania. Kizazi chake cha kwanza, kilichoanza 2002, kina NCP60 yenye injini ya 2NZ-FE ya cc 1300, NCP61 yenye 1NZ-FE ya cc 1500, na NCP65, cc 1500 pia, inayovuta kwa magurudumu yote manne na kwa hiyo ina ekseli ya nyuma ya aina nyingine. Kwa nje ni gari moja. Mwaka 2007 kikaja kizazi cha pili chenye umbo na vipimo vyake. Anayeandika "shokapu za IST, mpya, bei poa" bado hajakuambia anauza nini.

Ukiingia kwenye maduka ya mtandaoni ya nje, mambo yanazidi kuchanganya. IST ya kwanza iliuzwa Amerika ya Kaskazini kwa jina la Scion xA, ikiwa na usukani kushoto. Vitz kule Ulaya ni Yaris. Harrier ya mwanzo ni Lexus RX. Katalogi nyingi za huko zinakutaka uingize namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba hiyo. Lina namba ya fremu: herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu tarakimu saba, kama NCP61 na zile zinazofuata. Ukiiingiza, mashine inaikataa. Basi mnunuzi anachagua jina linalofanana na gari lake, mwaka unaokaribia, na kubonyeza. Wiki tatu baadaye anapokea kitu kizuri, halisi kabisa, cha gari la mtu mwingine.

Taa za mbele zinaonyesha hatari hii vizuri kuliko spea nyingine yoyote. Mwanga wa taa ya chini haulali sawa pande zote mbili. Umetengenezwa uinuke kidogo upande wa ukingo wa barabara ili dereva aone waenda kwa miguu na alama, na ushuke upande wa anayekuja. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Nchi za Ghuba, ambako spea nyingi za mtumba hutoka, wanaendesha kulia. Taa iliyotolewa kwenye gari la Sharjah inaweza kuingia kwenye bodi ya gari lako bila shida, skrubu zikakaa, plagi ikashika, na usiku ikawapiga machoni madereva wote mnaopishana nao. Wewe mwenyewe hutahisi kitu. Unaona mbele vizuri sana. Burundi hali iko kinyume: barabara zao ni za kulia, lakini magari mengi yanayofika kwao kupitia bandari ya Dar es Salaam yana usukani kulia na taa za Kijapani zilizotengenezwa kwa nchi ya kushoto. Huko taa halisi iliyokuja na gari ndiyo yenye kosa, na mmiliki anayetafuta taa sahihi mtandaoni anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa.

Dawa ya sehemu hii ya tatizo ipo, na ni ya bure. Spea ya Toyota kwa kawaida ina namba ya tarakimu na herufi kumi, tano na tano. Tano za mwanzo hutaja ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari lipi hasa. Namba hiyo hupatikana kwa kuingiza namba ya fremu, ambayo imo kwenye kadi ya gari na kwenye bamba lililo chini ya boneti, katika katalogi za Kijapani. Na muuzaji anayeijua kazi yake atakutafutia. Kampuni nzuri za spea mbadala huchapisha orodha inayoonyesha namba yao inasimama badala ya namba ipi ya kiwanda. Muuzaji ukimwomba namba naye akakujibu, "Usijali boss, inaingia," huyo hujui anachokuuzia, na huenda naye hajui.

Tukishapata namba, ndipo tufike kwenye ubora, na hapa nitakaa kwenye breki.

Hivi karibuni, katika gereji moja ya Temeke, niliomba niwekewe mezani seti mbili za pedi zenye jina moja na namba moja. Moja ilinunuliwa dukani, nyingine ilitoka kwenye ukurasa wa Instagram kwa chini ya nusu ya bei. Maboksi yalikuwa pacha. Nilipozitoa, bati la ile ya dukani lilikuwa limekatwa kingo laini. La ile nyingine lilikuwa na visu vya chuma ambavyo vingekwaruza kidole. Ya dukani ilikuwa na herufi na namba ya toleo zilizochapwa pembeni mwa pedi. Nyingine haikuwa na kitu pembeni. Ilikuwa na rangi nyeusi nzito iliyopakwa hadi juu ya mstari ambapo pedi inaungana na bati. Nilipoikwangua rangi hiyo kwa ukucha nikakuta mwanya mwembamba, na unga ukabaki kidoleni.

Mwanya ule ndio wa kuogopa. IST yenye uzito wa karibu tani moja, ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ikisimamishwa hutoa joto la kilojuli 250 hivi, linalotosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji, na sehemu kubwa yake hupita kwenye breki za mbele katika sekunde chache. Ukishuka Kitonga, Sekenke au Salgaa unakanyaga tena na tena kabla joto la kwanza halijatoka. Pedi hushikamana kwa gundi ya resini. Resini duni ikipata joto hilo huanza kuoza na kutoa gesi kati ya pedi na diski. Dereva anakanyaga, pedeli ni ngumu, gari haipungui. Gundi inayoshika pedi kwenye bati nayo ikiachia, pedi inachomoka nzima na chuma kinabaki kusugua chuma.

Na feki hii haijifichui mapema. Ukiifunga asubuhi na kuijaribu kuzunguka gereji, inashika vizuri, kwa sababu bado ni baridi. Fundi anaridhika, mwenye gari anaridhika, na kwenye ukurasa wa muuzaji anaandika kwamba mzigo umefika salama na unafanya kazi. Ushuhuda huo ni wa kweli na hauna thamani yoyote. Zile herufi mbili zinazochapwa pembeni mwa pedi zinahusu jambo hilo hilo: ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45. Pedi iliyoandikwa FE ina maana inalegea inapochemka. Pedi za mbadala zinazouzwa Ulaya hutakiwa kutimiza Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai msuguano wake usipishane na wa pedi za kiwanda kwa zaidi ya asilimia 15, na hupewa alama ya E ndani ya duara. Herufi na alama zinaweza kughushiwa, kwa hiyo kuwepo kwake si uthibitisho kamili. Kutokuwepo kwake, hata hivyo, kunatosha kuirudisha.

Plagi na filta za oil nazipita haraka, maana hasara yake ni ya mfuko zaidi kuliko ya roho. Plagi feki za iridiamu huuzwa sana kwa sababu ncha yake ni nyembamba na mnunuzi hawezi kujua imetengenezwa kwa madini gani. Filta feki hukosa vali inayozuia oil kurudi chini injini inapozimwa, ndiyo maana unasikia mgongano wa vyuma kila asubuhi unapowasha gari.

Watu wana sababu ya kukimbilia mtandaoni, na sitaificha. Wamechoka na cha juu. Fundi anatumwa spea ya elfu arobaini anarudi na risiti ya elfu sabini, na mwenye gari analijua hilo. Mtandao umempa mtu wa kawaida nafasi ya kuona bei mwenyewe, na hilo ni jema. Lakini katika kumkwepa fundi, wengi wamemkwepa pia mtu pekee ambaye angewajibika. Ukurasa hauna anwani, malipo yanakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na mwezi ujao ukurasa una jina jipya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa mteja, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kenya wana sheria yao dhidi ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake. Zote hizo zinahitaji mtu wa kushikwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, dai risiti ya mashine ya kodi (EFD). Ina jina la mfanyabiashara na namba yake ya mlipa kodi. Anayekubali kuitoa amekubali kupatikana. Mzigo ukifika, rekodi video unapoufungua, mpelekee fundi, na mwambie asifunge chochote kabla hajaweka kipya na kikuukuu pamoja mezani, maana spea ikishaguswa na grisi hakuna anayeipokea.

Namalizia na eabegi, na hapa sina ushauri wa namna ya kununua, kwa sababu nasema usinunue. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipuzi vya eabegi kwa kutumia ammoniamu naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka katika joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Zaidi ya watu 30 duniani wamekufa hivyo, mamilioni ya magari ya Kijapani yakaitwa kurekebishwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam mwaka mzima. Eabegi ya mtumba inayouzwa mtandaoni, imesafishwa na kupigwa picha vizuri, haionyeshi kilichomo ndani, na haina jaribio ambalo fundi anaweza kulifanya bila kuilipua. Marekani mamlaka ya usalama barabarani ilitoa tahadhari mwaka 2024 juu ya eabegi mpya za bei rahisi ambazo nazo zimeua watu katika ajali ambazo wangetoka wazima. Kama eabegi ya gari lako ilishafumuka, hasa Noah inayobeba watoto wa shule, chukua namba ya fremu uende kwa wakala wa kiwanda uulize kama gari hilo limo katika orodha ya yaliyoitwa. Kwa kawaida yaliyomo hurekebishwa bila malipo. Kama haliko na bei ya eabegi mpya imekushinda, eabegi mbovu iondolewe na fundi wa umeme anayejua kazi hiyo, mikanda ya viti vyote ikaguliwe na ifungwe kila safari, na atakayelinunua gari hilo kwako aambiwe wazi kwamba halina.

Wiki ijayo: matairi ya mtandaoni, na tarakimu nne zinazosema tairi lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani.