Safari za Namugongo: Mzee analipiwa nauli kamili, anapata nusu ya safari

Kila mwaka inapokaribia Juni 3, mabasi ya mahujaji kutoka nchi jirani huelekea Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Ndipo Karoli Lwanga alipouawa kwa kuchomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Ndani ya mabasi hayo wamo wazee wengi, na wengine ni kina mama waliomaliza nguvu zao mipakani wakiuza vitenge, dagaa na maharage. Mara nyingi anayewalipia ni mtoto aliyerithi biashara. Yuko Busia au Rusumo na mzigo wake, anatuma fedha kwa simu, basi lenyewe halijui wala mratibu hajawahi kumwona.

Zipo safari zinazoandaliwa vizuri. Wanaorudi wamevunjika moyo, malalamiko yao hufanana. Basi kubwa lililoahidiwa limegeuka Coaster. Chumba cha watu wawili kimelaza watano. Chakula kilichokuwa ndani ya nauli kimeishia upande huu wa mpaka. Kwa kijana huo ni usumbufu wa siku chache. Kwa mzee mwenye presha, sukari au magoti mabovu, ni ugonjwa wa kurudi nao nyumbani.

Mpaka ndio unaoumbua

Chukua kundi linalotoka Mwanza kupitia Bukoba hadi Mutukula. Tangu 2017 kituo hicho hutoa huduma kwa pamoja: maofisa wa Tanzania na Uganda wanakaa jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Urahisi huo ni wa mwenye karatasi zilizokamilika. Mratibu aliyesema “tutamalizana hukohuko” ndipo anapoanza kukimbia huku na huko, na wazee wakimsubiri juani.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na hati hiyo huombwa Uhamiaji kabla ya safari. Viza halipii. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, raia wa nchi mwanachama hupewa pasi ya kutembelea bila ada, hadi miezi sita. Mratibu anayemdai bibi wa Kitanzania fedha ya viza ya Uganda anamwibia.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni jambo zito zaidi. Cheti huanza kuhesabika halali siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku ya kuondoka hakusaidii. Aliyefikisha miaka 60 na anachanjwa kwa mara ya kwanza anapaswa kumwona daktari kwanza, maana hatari ya madhara makubwa huongezeka na umri. Aliyechanjwa zamani asirudie. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mratibu anayeuza kadi bila sindano anamwacha mzee bila kinga, na kadi bandia mkononi.

Wafanyabiashara wanaijua kadi nyingine ya njano, ile ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inaitumia. Gari likipata ajali nje ya nchi yake, bima hiyo hulipa madai ya watu wengine na gharama za matibabu ya dereva na abiria. Mzee hatakumbuka kuiulizia. Anayelipa nauli ndiye aulize.

Kilichobaki ni miguu. Siku ya kilele magari hayafiki hadi mlangoni; barabara za karibu hufungwa na watu hutembea. Mratibu mkweli husema mapema basi litaegeshwa wapi, nani atawashika wazee mkono, na atakayeshindwa kutembea atakaa wapi.

Nunua safari kama mzigo

Hakuna mfanyabiashara anayelipia tani ya mchele kwa maneno. Ataona sampuli, atapima, atadai risiti, na atajua nani anabeba hasara mzigo ukiloa. Mfanyabiashara huyohuyo hutuma nauli ya mama yake kwa namba binafsi ya simu, kwa sababu tu mratibu anasali naye kanisa moja.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Utalii ya 2008 na Kenya ina ya 2011, na zote zinataka kampuni za safari za utalii ziwe na leseni. Omba kuiona. Lipa kwa akaunti yenye jina la kampuni. Dai karatasi yenye aina ya basi, jina la nyumba ya kulala, idadi ya watu kwa chumba, milo iliyolipiwa na kiasi kitakachorudishwa safari ikivunjika. Malipo ya mwisho yabaki hadi basi lionekane. Safari ikiandaliwa na jumuiya isiyo kampuni, karatasi hiyo isainiwe na viongozi wawili wanaojulikana.

Kuidai mapema kuna maana. Fedha ikishavuka mpaka na mratibu akizima simu, mlalamikaji huanza kurushwa: polisi wa huku humwambia kosa limetendeka kule, na wa kule humwambia mkataba ulifanyika huku. Kijana anaweza kuufuatilia mzunguko huo miezi sita. Mama wa miaka 70 aliyedunduliza kwenye kikoba husamehe, na mwaka unaofuata mratibu yuleyule anapita tena mtaani na daftari lake.