Kuweka Klachi Sawa Bila Kifaa Maalum

Vijana wetu walio katika gereji za jua kali wanaijua shida hii. Klachi pleti mpya imefungwa, lakini giaboksi ikiinuliwa inakataa kuingia. Watu watatu wanasukuma, mmoja anatikisa, mwingine anapiga kelele "hapo hapo!", na bado kuna pengo la vidole viwili. Ndipo mtu anashawishika kuivuta kwa bolti. Tafadhali usifanye hivyo. Giaboksi nyingi zina mwili wa alumini, na sikio lake hukatika upesi. Hasara hiyo mara nyingi hudaiwa kijana aliyeshika spana.

Hebu tuelewe sababu. Klachi pleti hukaa kati ya flaiwili na presha pleti, kama chapati kati ya sahani mbili. Bolti zikilegea huteleza kokote. Zikikazwa inabanwa pale pale ilipo. Sasa, shafti ya giaboksi lazima ipite katika meno ya kitovu cha pleti, kisha katika magari kama Toyota Hilux na Land Rover, ncha yake iingie katika beringi ndogo iliyo mwisho wa krenki shafti. Pleti ikienda kando milimita chache tu, ncha hiyo inagonga ukingo wa tundu.

Kile kifaa cha dukani si cha ajabu. Ni kijiti chenye ncha inayotosha beringi na mwili unaotosha kitovu. Kwa maoni yangu, badala iliyo bora ni shafti kuukuu ya giaboksi ya aina ile ile. Waulize wauza vyuma vikuukuu. Gereji ikiwa nayo itaitumia miaka mingi. Ukikosa, chukua mti mkavu ulionyooka, uchonge ncha mpaka iingie kwenye beringi bila kucheza, halafu zungushia tepu sehemu ya nyuma mpaka ijae kwenye kitovu. Usiwe na haraka hapo, kwani kijiti kinachocheza kitakudanganya. Na ukinunua seti mpya, fungua boksi pale pale kaunta. Nyingine huja na kijiti cha plastiki ndani.

Vumbi la klachi ya zamani usilipulize, kwa mdomo wala kwa kompresa. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji na ulifute. Uso wa flaiwili na wa presha pleti usiwe na mafuta hata kidogo. Angalia pia upande: kwa kawaida pale springi zilipotokeza hutazama giaboksi, na mara nyingi pleti yenyewe imeandikwa.

Weka pleti na presha pleti, shika bolti kwa mkono tu, kisha ingiza kijiti. Kaza bolti hii, halafu ile inayoielekea, kidogo kidogo kwa kuzunguka, mpaka zote zishike. Ndipo ukitoe kijiti. Kikitoka na kurudi kwa ulaini, umefaulu. Magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana ile beringi. Hayo unayapima kwa jicho na tochi: kitovu kikae katikati kabisa ya duara la vidole vya presha pleti, pengo likiwa sawa pande zote.

Kazi ya hatari ni kuinua. Giaboksi ya pikapu inaweza kufika kilo 40, na ya Land Rover pamoja na transfa yake hupita hapo. Gari likae juu ya stendi za chuma, si mawe wala jeki peke yake, na asilale mtu chini ya giaboksi inayoshikwa kwa mikono. Usiiache ining'inie kwenye shafti hata dakika moja. Uzito wake hupinda pleti mpya, na baadaye gari litatetemeka likiondoka au gia zitakataa kuingia, na mwenye gari atasema umemwuzia pleti mbovu.

Ikigoma, tia gia, mwenzako azungushe polepole flenji ya nyuma ili meno yakutane. Ikigoma tena, ishushe na urudishe kijiti ukague upya. Bolti za giaboksi hukazwa tu baada ya mwili wake kugusana na injini pande zote kwa nguvu ya mikono.