Vali Inayomwaga Gesi Ili Kuuokoa Mtungi

Ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia, sehemu kubwa ni kimiminika: propani, butani au mchanganyiko wake. Juu yake huachwa nafasi ya mvuke, na mvuke huo ndio unaosukuma kuta za mtungi. Joto likipanda, msukumo nao hupanda. Propani ikiwa na nyuzijoto 20, presha yake ni zaidi ya mara 8 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Kwenye nyuzi 50 hufika takriban mara 17.

Wengi hudhani regulata ndiyo kinga. Kazi ya regulata ni kupunguza presha ya gesi inayokwenda jikoni. Mtungi wenyewe ukizidiwa, haina msaada. Kinga ni vali ya usalama, ambayo katika mitungi mingi imo ndani ya kichwa cha vali kuu. Ni springi inayokandamiza kizibo chenye mpira juu ya tundu. Springi hupimwa kiwandani, mara nyingi ihimili mara 26 hivi ya presha ya hewa. Kwa tundu la sentimita moja ya mraba, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo 26. Mvuke ukiishinda springi, kizibo huinuka na gesi hufoka nje. Presha ikishuka, springi hukirudisha mahali pake.

Vali hii hufanya kazi vizuri mtungi ukiwa wima. Ukilazwa, kimiminika hufika kwenye tundu, na lita moja ya propani iliyomwagika huwa lita 270 hivi za gesi. Kujaza kupita kiasi nako ni hatari: propani kimiminika hutanuka kwa joto zaidi ya mara 10 kuliko maji, kwa hiyo mtungi haujazwi hadi juu.

Hata hivyo, vali ina mipaka. Moto ukichoma chuma pale ambapo ndani hakuna kimiminika cha kukipoza, chuma hulainika na mtungi unaweza kupasuka vali ikiwa wazi.

Kwa hiyo weka mtungi wima, mbali na moto na jua kali. Vali ikifoka, usijaribu kuiziba wala kugusa swichi ya umeme. Toa watu nje, kaeni mbali, kisha piga simu zimamoto.