Mtoto akikuuliza mbona vitu huanguka, usimfukuze

Kama uko na mpwa, mdogo wako ama mtoto wa jirani aliyezoea kuingia kwa keja yako bila kubisha, hili swali litakufikia tu: "Anko, mbona vitu huanguka chini?"

Wengi wetu hapo ndipo tunaanza kutafuta rimoti. Jibu la haraka ni "graviti". Mtoto anatikisa kichwa, anaenda zake. Lakini umempa jina tu, jibu bado. Ni kama kuuliza mbona stima imepotea, landilodi akuambie ni kwa sababu hakuna stima.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na wala sikuwa nasomea fizikia. Bado watoto wa ploti yetu huja kwangu na maswali yao, labda kwa sababu wakati wa mchana mimi ndiye niko nyumbani na laptopu. Kitu nimeona ni kwamba graviti haihitaji digrii. Inahitaji chungwa, kitabu, chupa tupu ya soda na nyanya moja iliyoiva kupita kiasi. Na mtoto anayefukuzwa mara tatu, ya nne haji. Kwa hivyo hebu tujipange.

Kwanza, chini ni wapi?

Mtoto wa siku hizi anajua dunia ni mviringo. Ameiona kwa katuni. Tatizo ni kwamba akishajua hivyo anauliza la pili: wale wako upande wa chini mbona hawaanguki?

Chukua chungwa. Chomeka kijiti cha meno upande mmoja, umwambie huyo ni yeye, amesimama Nairobi. Chomeka kingine upande wa pili kabisa. Huko, mkabala na Nairobi, ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa hivyo mwambie huyo ni mvuvi kwa mashua. Ongeza vingine pande zote. Sasa muulize: miguu ya kila mmoja inaelekea wapi?

Inaelekea ndani, katikati ya chungwa. Hiyo ndiyo "chini". Dunia inavuta kila kitu kuelekea katikati yake, kilomita kama 6,370 kutoka hapo mlipokaa. Mvuvi wa Pasifiki akiangusha nyavu, nazo zinaenda huko huko. Kwake yeye, ni sisi tumening'inia kichwa chini!

Kizito na chepesi, nani mshindi?

Muulize: nikiachilia kitabu na karatasi kwa pamoja, kipi kitafika kwanza? Atasema kitabu. Achilia, na atakuwa sawa. Mwache afurahie.

Sasa kunja karatasi iwe mpira, urudie. Ghafla zinafika karibu pamoja, na uzito wa karatasi haujabadilika hata kidogo. Kisha weka karatasi isiyokunjwa juu ya kitabu kilicho kikubwa kuliko hiyo karatasi, uachilie. Zinashuka zikiwa zimeshikana. Aliyekuwa anachelewesha karatasi ni hewa, na safari hii kitabu kinaisukuma kando.

Akikataa kuamini, fungua YouTube. Agosti 2, 1971, mwanaanga wa Marekani David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachilia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Vilifika chini pamoja. Mwambie pia aangalie vile vinashuka polepole. Mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya wetu, kwa hivyo mtoto wa kilo 24 angejisikia kama wa kilo nne.

Chupa iliyotoboka

Hii fanyieni nje, karibu na mfereji. Toboa chupa ya soda karibu na chini, uzibe tundu kwa kidole, ujaze maji, na uache kifuniko wazi. Toa kidole: maji yanaruka. Sasa mwambie mtoto akodoe macho pale kwenye tundu, halafu uachilie chupa kutoka juu. Ikiwa inaanguka, maji yanaacha kutoka.

Watoto hupiga nduru hapo, na wewe pia unaweza kupiga. Chupa na maji vinaanguka kwa mwendo mmoja, kwa hivyo maji hayaisukumi tena chupa. Ni ile hisia ya tumbo kupanda matatu ikiruka tuta kwa kasi.

Na hapo umemweleza wale wanaanga wanaoelea. Watu wazima wengi hudhani wanaelea kwa sababu huko juu hakuna graviti. Zii. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu yetu, umbali usiofika hata Nairobi hadi Mombasa, na mvutano wa dunia huko ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Wanaelea kwa sababu wanaanguka pamoja na kituo chenyewe. Lakini kinakimbia kwenda mbele kilomita kama 28,000 kwa saa, na dunia inajipinda chini yake, kwa hivyo kinaanguka na kuikosa ardhi kila mara. Mwezi nao unafanya vivyo hivyo.

Mwezi pia hauvutwi tu, unavuta. Aliyekaa Mombasa ama Lamu ameona maji yakijaa na kupwa. Mwezi ndio unavuta bahari, jua likisaidia. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, na hapo ndipo tunapata bamvua.

Na kuna mengine hayaendelei kukosa ardhi. Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Ilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo kama 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Bahati nzuri, hakikumwangukia mtu. Vyuma vya aina hii vikikwaruzana na ile hewa nyepesi ya juu hupungua kasi kidogo kidogo, mpaka mwendo wa kuikosa dunia unaisha.

Nyanya na balkoni

Hapa sasa tuache mchezo kidogo. Wengi wetu tunaishi ghorofani, na balkoni nyingine zina ukuta mfupi ambao mtoto wa miaka mitano anaupanda akitumia kiti cha plastiki. Tunampigia kelele, "Wee! Shuka hapo!" Anashuka. Kesho anapanda tena, kwa sababu kwa macho yake, kuruka kutoka kitandani na kuruka kutoka balkoni ni mchezo mmoja.

Chukua ile nyanya. Iangushe kutoka urefu wa goti: pengine haifanyi kitu. Iangushe kutoka kichwani pako: inapasuka kidogo. Kisha panda kwa stuli, uinyooshe juu uwezavyo, uachilie. Usiseme kitu. Mwache aangalie sakafu.

Halafu mweleze: kinachoanguka hakiendi kwa mwendo mmoja. Kila sekunde dunia inakiongezea kasi ya kilomita kama 35 kwa saa. Kutoka ghorofa ya nne, mita 12 hivi, ni sekunde moja na nusu tu, na unafika chini kwa kasi ya kilomita 55 kwa saa. Hiyo ni kama kugongwa na matatu ambayo haikushika breki. Mtoto anayejua matatu ni nini anaelewa.

Haya hayaondoi kazi ya landilodi kuweka grili, wala yako ya kuondoa kile kiti. Lakini mtoto aliyeona nyanya ana sababu yake mwenyewe ya kukaa mbali na ukuta, hata siku ambayo haupo wa kumpigia kelele.

"Lakini kwa nini inavuta?"

Hili ndilo la mwisho, na ndilo kali. Usijaribu kulikwepa. Isaac Newton alichapisha hesabu za mvutano mwaka wa 1687, hesabu ambazo bado zinatumika kurusha setilaiti. Lakini mwaka wa 1713, katika toleo la pili la kitabu hicho hicho, alikiri kwamba chanzo chenyewe cha mvutano hakukipata. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka wa 1915, Albert Einstein alisema kitu kizito kama dunia hupinda nafasi na wakati kando yake, na vitu vingine hufuata huo mpindo.

Watu hupenda kuonyesha hili kwa shuka: mnaivuta pembe nne, mnaweka chungwa katikati, kisha mnavingirisha gololi. Inapendeza, ijaribu. Ila mtoto mjanja atakuuliza: na nini kinavuta hilo chungwa liizamishe shuka? Ameshika pahali pazuri sana. Shuka inatumia graviti kueleza graviti. Mpe tano, umwambie huo ni mfano tu, na ya kweli inataka hesabu ambazo bado zinamngoja mbele.

Ukikwama, sema "sijui", halafu liandike hilo swali kwa karatasi mbandike mlangoni. Newton mwenyewe aliacha moja hapo kwa miaka mia mbili.