Mgongo Uliopinda (2): Koti, Saa na Pumzi

Wiki iliyopita tuliona namna uti wa mgongo unavyopinda kwenda ubavuni huku ukijisokota, na jinsi daktari anavyoupima mpindo huo kwa nyuzi kwenye picha ya eksirei. Mzazi akishaiona picha hiyo, swali lake la kwanza ni moja: lazima apasuliwe?

Kwa watoto wengi, hapana.

Mpindo usiofika nyuzi 25 kwa kawaida hufuatiliwa tu, kwa vipimo kila baada ya miezi kadhaa. Huko si kupuuza. Hatari iko katika miaka ambayo mtoto anarefuka haraka. Kwa msichana, hasa kabla hajavunja ungo.

Mpindo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40, na mtoto bado anakua, huja zamu ya koti gumu la plastiki. Hutengenezwa kwa umbo la mwili wake, kutoka kwapani hadi nyongani. Ndani yake huwekwa pedi inayosukuma mbavu zilizotokeza, na upande wa pili huachwa nafasi ya mwili kusogelea. Huvaliwa juu ya fulana ya pamba na kukazwa kwa mikanda. Lina joto, na linaonekana chini ya sare ya shule; si ajabu watoto hulivua.

Madaktari walibishana miaka mingi kama linafaa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukiongozwa na Stuart Weinstein wa Chuo Kikuu cha Iowa. Waliovalishwa koti, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufikia nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji huanza kuzungumzwa. Wasiovaa, asilimia 48. Makoti yalikuwa na kipimajoto kidogo, hivyo hapakuwa na kudanganya saa. Waliovaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku, tisa katika kumi walifaulu. Hata hivyo, koti huzuia mpindo usiongezeke. Halina ahadi ya kuunyoosha.

Mazoezi nayo yana historia yake. Katharina Schroth, Mjerumani ambaye mgongo wake mwenyewe ulipinda, alianza kutibu wenzake mjini Meissen mwaka 1921. Mgonjwa hukaa mbele ya kioo, hujinyoosha, kisha huvuta pumzi akiielekeza kwenye ubavu uliobonyea. Ushahidi wa mazoezi haya ni mdogo kuliko wa koti, lakini viwili hivi huenda pamoja vizuri. Kuchua mgongo huenda kukatuliza maumivu. Mpindo hubaki palepale.

Mzazi, mwinamishe mwanao mbele yako, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali mwezi huu, usingoje likizo.