Kompyuta ya Prof na mkalimani wake

Katika ofisi ya profesa mmoja wa idara yetu, hapa Kisangani, kuna kompyuta inayotumia Windows 95. Ndani yake mna kamusi ya Lingala aliyoianza na wenzake miaka ya tisini: maneno yenye alama za toni, kila moja na maelezo yake kwa Kifaransa. Disketi za akiba zimeota ukungu, kisomeo cha disketi kimekufa, na tundu la USB halimo. Prof anastaafu mwaka huu. Aliponiita alisema: "Mwanangu, nitolee maneno yangu humo, lakini machini usiifungue."

Najua mtakachouliza: kwa nini nisitoe diski yake na kuisoma kwenye mashine nyingine? Kwa sababu diski ya umri ule ikishikwashikwa inaweza kukataa kabisa, na nakala nyingine ya kamusi haikuwapo popote. Basi nikachagua njia ndefu: kuiunganisha na kompyuta yangu ya mkononi, ambayo hupata intaneti kwa simu, na kuifanya hiyo yangu iwe mkalimani. Nasema mkalimani kwa makusudi, maana hakuna neno linaloeleza kazi hii vizuri zaidi.

Tuanze na waya. Nyuma ya mashine ya Prof kuna mlango wa mfululizo wenye pini tisa, ambao hupitisha biti moja baada ya nyingine. Pini ya 3 husema, pini ya 2 husikia, pini ya 5 ni ya pamoja. Waya wa kawaida niliopewa kwanza uliunganisha 3 na 3, 2 na 2. Mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio: nilipoteza siku mbili nikidhani mashine imekufa. Inatakiwa waya uliopishanishwa, 2 ya huku iende kwa 3 ya kule. Upande wangu, kwa kuwa kompyuta za leo hazina tena mlango huo, niliweka kigeuzi kidogo cha USB.

Baada ya waya, salamu. Windows 95 inajua kuingia kwenye intaneti kwa kupiga simu kupitia modemu; kwa hiyo unaiwekea faili dogo linaloidanganya kwamba waya ule ni modemu. Inapo"piga", kwa mpangilio niliotumia, hutuma neno CLIENT, kisha husubiri. Isipojibiwa CLIENTSERVER, hukata. Ni hodi na karibu, wala hakuna jibu lingine linalokubaliwa. Kompyuta yangu, inayotumia Linux, niliifundisha kuitikia hivyo, kisha programu iitwayo pppd ikashika mazungumzo. Mashine ya Prof ikapewa anwani 192.168.7.2, yangu 192.168.7.1.

Lakini anwani ya namna hiyo ni ya nyumbani tu. Huko nje hakuna anayeweza kuirudishia jibu. Kwa hiyo kila pakiti inayotoka kwa Prof, kompyuta yangu hufuta anwani ya mtumaji na kuandika yake, na kuweka kumbukumbu. Jibu likirudi, hulielekeza kwa mwenyewe. Ndiyo kazi ileile inayofanywa na simu unapomgawia mwenzako mega zako.

Mwendo ni wa konokono. Biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti hubebwa na biti kumi, kwa hiyo haizidi baiti 11,520 kwa sekunde. Disketi nzima ya zamani ingepita kwa dakika mbili na kidogo. Kwa kamusi, inatosha sana. Amri ya ftp ilikuwamo tayari ndani ya Windows 95, na faili zote zilihamia kwangu kabla umeme haujakatika.

Prof alitaka jambo moja zaidi: kuona Lingala ya leo kwenye kioo kilekile alichoandikia. Tukajaribu Wikipedia ya Lingala. Ikakataa. Tovuti za sasa husema kwa siri, kwa itifaki ya TLS. Toleo la 1.2, ambalo wengi hulidai kama kiwango cha chini, ni la 2008, na kivinjari cha Prof ni cha 1996. Hapo mkalimani akaongezewa kazi: kivinjari kinaomba ukurasa bila siri kwa kompyuta yangu, nayo inaenda kuuchukua kwa siri na kuusoma kwa sauti, tuseme. (Nenosiri usiliandike humo kamwe, maana mkalimani husikia yote.)

Ukurasa ukafunguka, na penye ɔ pakaonekana É”. Prof alicheka, mimi sikucheka. Katika UTF-8 ɔ huandikwa kwa baiti mbili, C9 na 94. Kivinjari cha zamani hudhani kila baiti ni herufi moja kamili: C9 kwake ni É, na 94 ni alama ya kufunga nukuu. Hakuna baiti hata moja iliyopotea njiani, ila msomaji hakujua alfabeti.

Nikakumbuka faili zilizokwisha kuhamia kwangu, nikazifungua. Palipotakiwa mɔ́tɔ, yaani moto unaowaka, niliona møtç. Miaka ile ɔ haikuwa na nafasi kwenye kompyuta zao, hivyo walikuwa na fonti yao iliyochora ɔ mahali pa ç, na ɔ́ mahali pa ø. Bila fonti ile, kamusi ni takataka. Na bila alama, moto (mtu), motó (kichwa) na mɔ́tɔ yanaishia kuwa neno moja.

Nikataka kubadilisha kila ç iwe ɔ, nikasita kwa bahati tu: maelezo ya Kifaransa yana ç zake halali. Garçon angekuwa garɔon. Kilichotuokoa ni kurudi kwenye mashine ya zamani na kuhifadhi upya kila faili kwa mtindo wa RTF, ambao huandika wazi fonti ya kila kipande. Penye fonti yao, \'e7 ni ɔ. Penye fonti ya kawaida, ni ç. Programu fupi ikafanya hivyo usiku mmoja. Kama ningekuwa nimechomoa diski na kunakili maandishi matupu, nisingejua tofauti hiyo.

Yalibaki maneno 41 ambayo waandishi walisahau kubadilisha fonti, hivyo alama zake hazikuwahi kuingia. Hayo hakuna waya unaoyajua. Tuliketi mchana mmoja, Prof akayatamka moja moja, mara mbili mbili, nami nikaandika toni.